Poda Kabla ya Redio

Wiki nzima mmenisimamisha njiani, wengine hadi mlangoni mwa kanisa watu wakitoka misani, mkitaka kujua kitu kimoja tu: Adèle alisema nini? Haya, kaeni. Tuliwaacha wasichana wawili mbele ya meza ya mkaguzi Bisimwa, Adèle amefungua mdomo, nami nikaweka kalamu chini. Mmenitukana vya kutosha, sasa nisikilizeni.

Kwa yule ambaye gazeti lilimpita, nitamkumbusha upesi. Colombe, binti wa Papa Honoré wa mtaa wa Kadutu, alifukuzwa katika chumba cha mtihani wa taifa siku ya hesabu, kwa sababu chini ya dawati lake ilikutwa karatasi yenye majibu. Karatasi hiyo hakuijua. Alichokijua ni kwamba mwalimu wake wa hesabu, Prof Gaston, alikuwa amemwita nyumbani kwake jioni ili "waangalie cotes zake", yaani alama zake, akakataa kwenda, na mwalimu akamwambia kwa upole kwamba siku moja atamkumbuka.

Na Adèle je? Huyo ni binti wa mama yake mdogo wa Kamanyola. Wamelelewa nyumba moja, wanalala kitanda kimoja, na darasani walikaa karibu. Adèle ndiye aliyemwambia Colombe, huku analia, kwamba Gaston alimpa yeye ile karatasi aiingize chumbani na yeye akaikataa. Aliapa kwamba atalisema hilo kwa mkaguzi. Ndilo neno tulilokuwa tunalingoja.

Adèle hakumtazama Colombe.

"Ni karatasi yake," alisema. "Nilimuonaka nayo asubuhi, mu njia. Prof Gaston hakunipatiaka kitu."

Colombe alimgeukia, akingoja aongeze neno, ageuze, acheke, afanye lolote. Adèle alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya Colombe, kwa sababu vya kwake vilikuwa vimepasuka na Colombe alikuwa amemwazima asubuhi ile ili aonekane vizuri mbele ya mkubwa.

Sasa msianze kumtukana mkaguzi. Bisimwa alikuwa mtu mkavu, abacost yake, koti la wakubwa lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni hata jua likiwaka, lakini hakuwa mbaya. Liseo yote, shule ya wasichana hawa, ilitaka jambo lile lizikwe kimyakimya. Yeye peke yake ndiye aliyesema kwamba mwanafunzi hafutwi kabla ya kusikilizwa. Basi alikuwa amesikiliza, na alichosikia ndicho hicho.

Alimweleza Colombe bila kupaza sauti kwamba anayekamatwa na udanganyifu katika mtihani wa Leta, yaani wa serikali, hafungiwi mwaka mmoja. Anafutwa kabisa. Hataruhusiwa kuufanya tena mahali popote Zaïre, akitaka aende Kinshasa, akitaka aende Kisangani.

"Citoyen inspecteur, sikufanyaka hii kitu," alisema Colombe. "Niko na haki ya—"

"Ulikuwa na haki ya kusikilizwa, na nimekusikiliza," mkaguzi alimkatiza. Kisha akavua miwani, akayapangusa macho, na sauti yake ikalegea kidogo. "Nitatia signature kesho asubuhi. Kama uko na mutu mumoja mwenye anajua kitu, mulete mbele ya ile saa. Mumoja anatosha."

Walipotoka nje, Adèle alishuka ngazi mbio, akapotelea upande wa Nyawera. Colombe alibaki juu ya ngazi. Alikuwa ameuzwa na mtu aliyejua hata ndoto zake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua ameuzwa kwa nini.

Akapanda kwa miguu kuelekea Kadutu. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa njia nzima, na kila duka lilikuwa limewasha redio. Majina ya waliopita mtihani katika mikoa mingine yalikuwa yameshasomwa siku zilizopita. Leo ilikuwa zamu ya Kivu, na wanawake wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, walikuwa wamesogeza mabakuli yao karibu na madirisha ili jina la mtoto wa mtu lisiwapite.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Nyumba yenye mtoto anayemaliza liseo haikosi kopo la poda limefichwa juu ya kabati. Redio ikitaja jina, poda inamiminwa kichwani, shingoni, kifuani, na mtoto anazunguka mtaa mzima akiwa mweupe ili asiyesikia redio aone kwa macho. Jina kwanza, poda baadaye. Hata mjinga wa mwisho wa mtaa haukosei mpango huo.

Maman Georgette, mama yake Colombe, aliukosea.

Colombe aliingia uani, akamkuta Adèle ameketi kwenye mkeka, amejifunika pagne mabegani kama mgonjwa wa malaria, na jua linachoma. Redio ilikuwa dirishani inapiga muziki. Hakuna shule hata moja ya Kivu iliyokuwa imetajwa.

Colombe alimwendea, akaishika ile pagne, akaivuta.

Shingo ya Adèle ilikuwa nyeupe. Nyuma ya masikio palikuwa peupe. Alikuwa amejaribu kujipangusa, jasho likafanya mistari.

Maman Georgette alitokea jikoni kwa haraka. Mikono yake nayo ilikuwa nyeupe hadi kwenye kifundo, na alipoona binti yake anaitazama aliificha nyuma.

"Ni bunga ya muhogo," alisema kabla ya kuulizwa. "Nilikuwa nachunga bunga."

Colombe aliuvuta mkono wa mama yake, akaunusa. Unga wa muhogo una uchachu wake, kila mtoto wa Kadutu anaujua. Mkono ule ulinukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

"Maman, redio bado haijasoma," alisema. "Umejua namna gani kama amepita?"

Mama aliketi kwenye kigoda. Alijaribu kukasirika, ikashindikana. Halafu akaanza kueleza, na alieleza kama mtu anayetua mzigo, haraka haraka, bila kupanga.

Gaston alikuwa amekuja Jumapili, Colombe akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alikaa kwenye kiti cha Papa Honoré. Alisema wanaosahihisha ni marafiki zake, na kwamba Adèle amepita, ila jina lake linaweza kuanguka kama midomo ya nyumba ile haitafungwa. Alisema pia, kwa sauti ya kirafiki, kwamba mkubwa wa Papa Honoré ofisini ni kaka yake, kama walikuwa wamesahau. Maman Georgette ndiye aliyemwita Adèle usiku na kumfundisha la kusema mbele ya mkaguzi.

Na poda? Hapo mama alilia. Alisema hakutaka Colombe aone. Alijua jina likitajwa atalazimika kumpaka Adèle mbele ya mtaa mzima na binti yake mwenyewe amesimama pembeni mkavu. Basi aliwaza ampake kidogo mapema, kwa siri, baraka tu, ili jioni asimpake tena na Colombe asiumie.

Wasomaji wangu, mimi nimeandika mambo mengi juu ya mama, lakini hili lilinishinda kulicheka na likanishinda kulisamehe.

"Weye uko na akili," mama alisema. "Utarudia mwaka kesho, utapita. Adèle hatapata bahati mara mbili, unamujua. Na papa yako akifukuzwa kazi, tutakula nini?"

Colombe alikuwa na swali moja. Aliliogopa, akaliuliza.

"Maman, ulijua kama Prof aliniita kwake?"

Mama aliinamia mikono yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulirudi masomo ukasema kichwa inakuuma, ukakataa kula." Maman Georgette alijipangusa machozi kwa mkono ule mweupe, poda ikambaki shavuni. "Nilijua, mwana wani. Nilimuomba Mungu akulinde."

Siku ile Colombe aliikumbuka vizuri. Kesho yake mama alimpigia pasi blauzi, akamsuka nywele, akamrudisha kwenye liseo ileile, darasa lilelile, mwalimu yuleyule. Alikuwa amejua wakati wote anaposuka. Adèle alimuumiza, mama alimmaliza.

Aliposema, sauti ilikuwa tulivu kiasi cha kumwogopesha mwenyewe. Alimwambia mama kwamba hakuna mwaka kesho. Mkaguzi akitia sahihi, atakuwa amefutwa kwa maisha yake yote, hatapata diploma, hataingia chuo, atakaa hapohapo Kadutu akiitwa yule aliyeiba mtihani.

"Gaston alisema mwaka mumoja," alisema Maman Georgette.

"Gaston."

Nyuma yao Adèle alikuwa ameweka kichwa magotini. Hata yeye hakuwa ameambiwa habari ya kufutwa kabisa kabla ya asubuhi ile, na mbele ya mkaguzi alikuwa ameshasema.

Colombe alichuchumaa mbele ya kigoda. Alimweleza mama yake kwamba mkaguzi anataka mtu mmoja tu. Maman Georgette alimsikia Gaston kwa masikio yake, ndani ya nyumba yake. Aende kesho asubuhi, aseme hayohayo aliyoyasema sasa hivi, basi. Colombe alikuwa na hasira ya kuvunja sufuria, lakini alimbembeleza mama yake kama mtoto anayeomba kupelekwa sokoni.

Na mama, nawaambieni, alianza kukubali. Alifungua kitambaa cha kichwa akaanza kukifunga upya, akikaza, kama afanyavyo anapokwenda kusema na wakubwa.

Ndipo muziki ukakatika dirishani, na sauti ya redio ikasema: Kivu.

Shule moja ikapita, ya pili, ya tatu. Halafu liseo yao. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku serikalini, kwa hiyo redio haikusema Adèle, ilisema Nabintu, na hakuna mtu wa mtaa ule asiyejua kwamba Nabintu ni Adèle wa kwa Maman Georgette.

Vigelegele vilianzia kwa jirani. Maman Domitille aliruka ukuta wa miti na kopo lake mkononi, bila hata viatu, akammiminia Adèle poda hadi kope. Wakaja wengine. Wakaimba, wakacheza, wakambeba. Mmoja aliona kwamba shingo ilikuwa nyeupe tangu mapema, akacheka, akasema huyu mama alikuwa na imani kweli. Maman Georgette akacheka naye.

Hakuna aliyemwuliza Colombe kitu. Walimpitia pembeni, wakishusha macho, kama anavyopitiwa mfiwa. Alikuwa wa kwanza wa darasa tangu alipoingia liseo.

Papa Honoré alirudi kutoka ofisini katikati ya vumbi na poda. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu ya kupita kiasi, ambaye tangu siku ya mtihani hakuwa amemwuliza Colombe chochote kwa kuogopa jibu. Alimpongeza Adèle, akatafuta mahali pa kuweka mkoba wake, akamkuta Colombe amesimama mlangoni.

Colombe hakungoja watu waondoke.

"Maman," alisema mbele ya baba, "kesho tutaenda wote kwa inspecteur. Unamuambia papa ao nimuambie miye?"

Papa Honoré alimtazama mkewe. Majirani waliokuwa karibu waliacha kuimba.

Maman Georgette aliitazama ile poda juu ya Adèle. Alimtazama mumewe, ile abacost ya ofisini, ule mkoba. Kitambaa cha kichwa alichokuwa amekikaza kilikuwa bado kimekazwa.

"Kumuambia nini?" alisema. "Miye sikusikiaka kitu. Sijue kitu."

Colombe aliingia ndani. Hakukimbia. Alikwenda hadi chumbani kwao, akaketi kwenye kitanda cha wawili, na hapo tu ndipo alipolia, mdomo ameuziba kwa mto wa kulalia, kwa sababu nje walikuwa wameanza kuimba tena.

Alipoinua macho aliliona kopo juu ya kabati. Lilikuwa jipya, halijafunguliwa. Mwezi wa sita mama alinunua makopo mawili, moja la kila msichana. Hili ndilo lake.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Adèle, mweupe kuanzia utosini. Alifunga komeo nyuma yake, akabaki ameegemea mlango. Machozi yalikuwa yanachimba mifereji kwenye poda.

"Unipige," alisema.

Colombe alitaka kumpiga kweli. Mkono ulikuwa umeshainuka. Lakini Adèle alianza kusema, na alichosema kiliushusha.

Alisema hakuikataa ile karatasi. Ni yeye aliyeiweka chini ya dawati la Colombe, walipokuwa wanaingia, Colombe akiwa amesimama mlangoni anapekuliwa. Gaston alimwambia asipoiweka ataangushwa yeye, na mama yake kule Kamanyola atasikia kutoka kwa watu kwamba binti yake alikuwa anakwenda kwa walimu. Kwa sababu alikuwa amekwenda. Colombe alipoitwa na kukataa, mwalimu aliita mwingine, na huyo mwingine hakujua namna ya kukataa.

"Leo anakuja kunitwaa," alisema Adèle. "Alisema atakuja na bia, atasema tunaenda kufanya fête kwake, Nguba. Alisema nisimukatalie mbele ya bantu. Maman Georgette haijue hii. Anawaza ni zawadi tu."

Colombe alimtazama. Msichana aliyemwangamiza alikuwa amesimama ndani ya viatu vyake, vile alivyomwazima. Chuki haikumwisha, msinisikie vibaya. Ilikuja tu huruma ikakaa kando yake, na zote mbili zikabaki.

"Kesho utasema?" aliuliza.

"Nikisema wananitosha diploma, nabaki bila kitu."

"Ninajua."

Nje injini ya gari ilizimika, makofi yakapigwa, na sauti waliyoijua wote wawili ikaingia ukumbini pamoja na majirani, ikisalimia kila mtu. Mwalimu Gaston amefika. Alimpongeza Papa Honoré, akampongeza Maman Georgette, akaomba vijana washushe kreti ya bia. Kisha akasema alichosema Adèle kwamba atakisema: waliopita wote wanakusanyika kwake jioni hii, wafurahi kidogo, naye mwenyewe atamrudisha mtoto.

Mama alicheka kwa heshima. Nyayo zake zikaja hadi mlangoni, akagonga.

"Adèle, toka. Prof iko anakungoja."

Adèle alishika nguo ya Colombe kwa nyuma, akaikaza ndani ya ngumi.

Colombe alisimama. Alinyoosha mkono juu ya kabati, akalichukua kopo lake, akalifungua kwa meno. Akavuta komeo, akampita mama yake bila kumgusa, akaingia ukumbini.

Gaston alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba, mguu juu ya mguu, glasi mkononi. Alipomwona Colombe alitabasamu, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma mbele ya watu. Alianza kusema kwamba asikate tamaa, maisha ni marefu.

Colombe aligeuza kopo juu ya kichwa cha Gaston, akalitikisa hadi chembe ya mwisho. Poda iliingia nywele, miwani, kola ya abacost, ikatua juu ya bia.

"Félicitations, Prof," alisema. "Ni weye umepita."

Maman Domitille alianza kupiga kigelegele kwa mazoea, kikamfia kooni. Gaston alikuwa anapepesa macho, mweupe kabisa, na hakuna aliyejua kama acheke.

Papa Honoré aliinuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtihani alimtazama binti yake usoni, moja kwa moja.

"Colombe," alisema, "Prof amepita mu nini?"

Colombe alikuwa na maneno yote mdomoni, lakini alijua kwamba yake hayakutosha asubuhi na hayatatosha sasa. Mkaguzi alikuwa ameomba mdomo wa mtu mwingine. Alimtazama mama yake. Maman Georgette aligeuza uso akaanza kukusanya glasi.

"Papa," sauti ilisema kutoka mlango wa chumba.

Wote waligeuka. Adèle alikuwa amesimama pale, amevua vile viatu, amevishika mkononi. Gaston aliweka glasi chini, akamtazama, akatikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana, kumwonya.

Na Adèle, kwa mara ya pili siku ile, akafungua mdomo.